Maji ya Kano yasiyo na daftari

*Wakulima wa mpunga wanalipa umeme kuvuta maji ya mto na ziwa, huku vijiji na mitaa ya Kisumu ikitegemea visima ambavyo vingi havijawahi kupimwa. Sasa pampu za sola zimefika, na swali la kilichomo chini ya ardhi haliwezi kuahirishwa tena.*

UKISHUKA Ahero asubuhi, kwenye barabara ya Kisumu kuelekea Kericho, kitu cha kwanza kuona ni maji. Yametanda katika mashamba ya mpunga, yanapita mifereji, yamesimama kwenye mitaro ya kando ya lami. Wapanda miche wameinama safu kwa safu, matope magotini. Na juu ya tuta la mfereji huo huo wanapita akina mama na watoto na mitungi ya njano ya lita 20, wakienda kutafuta maji ya kunywa.

Kwa mwenyeji wa tambarare ya Kano hilo si jambo la kushangaza. Maji ya mfereji ni ya mpunga, ya ng'ombe na ya kufulia. Ya mto Nyando huja mekundu kwa udongo uliobebwa kutoka juu. Ziwa nalo si kimbilio: utafiti uliofanywa baada ya mlipuko wa kipindupindu wa mwaka wa 1997 magharibi mwa Kenya uliuhusisha ugonjwa huo na kunywa maji yake. Kinachobaki ni kisima cha bomani, cha jirani, cha shule au cha kanisa, kilichochimbwa kwa sururu, ndoo na kamba.

Kisima hicho kina urefu gani? Maji yake hushuka kiasi gani ifikapo Februari? Yana nini ndani yake? Kwa visima vingi vya tambarare hii, majibu yamo katika kumbukumbu za waliovichimba, kama bado wako hai.

Umeme wa kuingiza, umeme wa kutoa

Mradi wa unyunyizaji wa Ahero ulianza kazi mwaka wa 1969, ukivuta maji ya Nyando kwa pampu. Katikati ya miaka ya 1970 ukafuata wa Kano Magharibi, unaovuta ziwani. Huu wa pili una kisa chake. Ardhi yake iko chini mno hivi kwamba maji yakishatumika hayaondoki yenyewe. Sharti yasukumwe kwa pampu tena yarudi ziwani. Mkulima analipia umeme wa kuyaingiza, kisha analipia umeme wa kuyatoa.

Bili hiyo ndiyo ugonjwa sugu wa miradi hii. Karibu na mwaka wa 2000 yote miwili ilisimama, ikaja kufufuliwa miaka michache baadaye. Tangu hapo malalamiko hayajabadilika: stima ikikatwa, mpunga unanyauka huku mto unapita. Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji iligeuzwa kuwa Mamlaka ya Kitaifa ya Unyunyizaji chini ya sheria ya mwaka wa 2019, lakini pampu hazisomi sheria.

Ndiyo sababu macho ya wakulima wa nyanya, sukumawiki na tikitimaji yameanza kuelekea chini. Pampu ndogo za sola zinauzwa kwa malipo ya polepole. Jua halitumi bili mwisho wa mwezi. Mwenye kisima nyuma ya nyumba anajiuliza kwa nini amngoje meneja wa mfereji ilhali maji anayo futi chache chini ya miguu yake.

Swali hilo ni la haki. Jibu lake linahitaji kalamu.

Hesabu ya ekari moja

Shamba la mboga wakati wa kiangazi hunywa takriban milimita 5 za maji kwa siku. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Zidisha, unapata zaidi kidogo ya lita 20,000 kila siku, yaani mitungi 1,000. Mpunga unataka zaidi ya hapo, kwa kuwa lazima shamba lisimame maji.

Pampu ya sola inayotoa lita 2,000 kwa saa, ikifanya kazi saa 6 za jua kali, huondoa lita 12,000. Hiyo ni mitungi 600 kutoka kisima ambacho jana kilikuwa kikihudumia maboma matatu au manne kwa kamba. Kamba ilikuwa na breki yake, kwani mtu huchoka. Jua halichoki.

> *Ekari moja ya mboga wakati wa kiangazi hunywa mitungi 1,000 ya maji kwa siku.*

Je, ardhi ya Kano inaweza kurudisha kiasi hicho? Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu wanatazama mafuriko. Mtu aliyeona nyumba za Nyando zikizama mwaka wa 2020, na tena 2024, hawezi kuamini ukimwambia maji ya chini ni ya kuhesabu. Lakini udongo mweusi wa tambarare hii una tabia zake. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua za kwanza zikinyesha, huvimba na kujifunga kama kifuniko cha sufuria. Sehemu kubwa ya maji yanayofuata hukaa juu, huharibu, kisha hukimbilia ziwani.

Maji huzama vizuri zaidi penye mchanga na changarawe: kwenye vitanda vya mito, na chini ya miteremko ya Nandi upande wa kaskazini na ya Nyabondo upande wa kusini, mahali ambapo vijito hushuka na kumwaga mzigo wao wa mawe. Kwa maneno mengine, kisima cha mtu wa katikati ya tambarare huweza kutegemea mvua iliyonyesha kilomita nyingi kutoka kwake, kwenye mlima ambao miti yake inakatwa na watu asiowajua.

Volkano ndani ya glasi

Tuseme maji yapo. Ni maji gani?

Tambarare ya Kano ni sakafu ya tawi la Bonde la Ufa linalokwenda mashariki hadi magharibi, likibeba ghuba ya Winam ndani yake. Mashariki umesimama mlima Tinderet, volkano iliyokufa zamani. Karibu na Koru chokaa huchimbwa kutoka miamba ya volkano za kale. Kusini magharibi, ng'ambo ya ghuba, upo mlima Homa, nao wa asili hiyo. Majivu na mawe yao yamesambaa chini ya udongo unaolimwa leo.

Miamba ya aina hiyo ina floridi. Maji yanapokaa humo miaka mingi, hasa yakiwa na magadi mengi na kalsiamu kidogo, huibeba floridi hiyo hadi kwenye glasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yenye kiasi kikubwa kupita hicho, wakati meno yake ya ukubwani yangali yanajengeka ndani ya ufizi, huota meno yenye madoa ya kahawia. Kiasi kikizidi sana kwa miaka mingi, huingia mifupani.

Jambo hili linakwenda kinyume na imani ya kila kijiji kwamba kisima kirefu ndicho kisafi. Kirefu huepuka choo, ni kweli. Lakini kadiri unavyoshuka katika ardhi ya volkano ndivyo unavyoweza kukutana na maji ya zamani yaliyokaa na mawe kwa muda mrefu. Mfadhili huja, huchimba, hukata utepe, hupigwa picha. Shule hubaki na mnara wa tangi na maji ambayo watoto hawapaswi kuyanywa kila siku.

Na hapa dawa tulizozoea hazifai kitu. Klorini huua vijidudu, haigusi floridi. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi: maji yanapopungua kwa mvuke, floridi hubaki katika sufuria. Huko Nakuru, kwenye tatizo kama hili, Dayosisi ya Kanisa Katoliki ilitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya wanyama, vinavyonasa floridi. Vinafanya kazi, ila mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe, na kamati ya kisima isiyopima haiwezi kujua umechoka lini.

Hamsini kwa mia

Toka Ahero, rudi mjini. Kisumu yenyewe imeketi juu ya mwamba wa fonolaiti, lava ya kale iliyooza upande wa juu na kupasuka. Katika mitaa ya Manyatta na Migosi, mwamba huo uliooza ndio hazina ya maji: ukichimba kwa mkono unayafikia.

Kampuni ya maji ya Kisumu, KIWASCO, huchukua maji ziwani Dunga na katika mto Kibos kule Kajulu, ikayasafisha na kuyasambaza. Lakini bomba likikauka kwa siku mbili, au mita ikifungwa kwa deni, mtaa unajua pa kwenda. Visima vya mkono ni vya wenye ploti, na wengi wao huuza kwa mtungi.

Sasa ichukue ploti ya kawaida ya mjini, hamsini kwa mia. Ni futi, yaani karibu mita 15 kwa 30. Viwango vya kimataifa vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada, vinataka choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji ya ardhini, na sakafu ya shimo iwe mita 1.5 juu ya maji hayo. Katika ploti ya hamsini kwa mia unaweza kuweka choo pembe hii na kisima pembe ile, ukajiona umetii. Choo cha jirani kiko nyuma ya ua, hatua sita kutoka kisimani kwako. Na mvua za Aprili zikija, maji ya chini hupanda, shimo na kisima vikawa katika bwawa moja.

> *Choo cha jirani kiko nyuma ya ua, hatua sita kutoka kisimani kwako.*

Haya si ya kukisia. Dkt Joseph Okotto-Okotto wa taasisi ya utafiti ya VIRED iliyoko Kisumu, pamoja na Jim Wright wa Chuo Kikuu cha Southampton na wenzao, wamevifuatilia visima vya Manyatta na Migosi kwa muda ambao watafiti wachache huuvumilia. Vyoo, majengo na visima vilichorwa kwenye ramani mwaka wa 1999 na tena 2013 hadi 2014. Visima 51 vilikaguliwa na maji yake kupimwa kati ya 2002 na 2004, kisha 2014.

Matokeo yao hayampi raha mwanasiasa wa upande wowote. Vyoo vya shimo viliongezeka, na alama za hatari kwenye visima zikapanda. Hata hivyo nitrati, kemikali inayotokana na kinyesi na pia na mbolea, ilishuka kati ya 2004 na 2014, na watafiti wakaona kwamba mvua nyingi ya 2004 huenda ndiyo iliyokipandisha kipimo cha mwanzo. Bakteria wa kinyesi nao walipungua. Katika uchunguzi mwingine wa kundi hilo, wingi wa vyoo ndani ya mita 100 uliendana na nitrati na kloridi, lakini haukuendana na bakteria.

Tafsiri yangu ni hii: sampuli moja ya siku moja ni bahati nasibu. Kisima kilichopita mtihani Januari kinaweza kufeli Mei, na aliyefeli Mei akafungiwa kisima anaweza kuwa na maji bora kuliko jirani ambaye hakupimwa kabisa.

Wanaotaka vifungwe, wanaotaka viachwe

Maafisa wa afya wana hoja nzito. Kipindupindu si historia Kisumu. Mafuriko yakifunika vyoo na visima kwa pamoja, hofu hurudi. Kwao, kisima cha wazi katikati ya mtaa uliosongamana ni hatari inayouzwa kwa mtungi. Kampuni ya maji nayo haiwezi kupendezwa na mshindani asiyelipa leseni wala kununua klorini.

Wenye visima na wateja wao wana yao. Utafiti wa matumizi ya maji mjini humo umeonyesha kwamba wanunuzi wengi hawayachukulii maji ya kisima kuwa sawa na ya bomba. Ya bomba hununuliwa kwa kunywa na kupika. Ya kisima hufua, huosha vyombo, husugua sakafu. Mama wa Manyatta anapanga madaraja ya maji jikoni kwake kwa ustadi ambao sera ya serikali haijaufikia. Ukimfungia kisima, hutakuwa umempa maji safi. Utakuwa umemlazimisha kufulia kwa maji ya bei ya kunywa, na matokeo yake atapunguza kunawa mikono.

Mimi naegemea upande huu wa pili, kwa sharti moja: kisima kiandikwe kazi yake. Hiki cha kunywa baada ya kutibiwa. Hiki cha kufulia tu. Hiki cha shamba. Rangi kwenye ukingo wa saruji inatosha, mradi nyuma ya rangi kuna kipimo.

Tena ipo njia ambayo Kisumu yenyewe iliijaribu. Kuanzia mwaka wa 2004 huko Nyalenda, KIWASCO ilianza kuuza maji kwa jumla kwa waendeshaji wa mtaani, nao wakayafikisha majumbani kwa mabomba na kukusanya malipo. Bomba likikaribia mlango, kisima huweza kurudi kwenye kazi zake za pembeni bila askari wa kaunti kuja na kufuli.

Mwenye maji na mwenye choo

Kwa nini basi kupima kumekuwa kugumu? Soma Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Ulinzi wa rasilimali za maji umepewa serikali ya kitaifa. Huduma za maji na usafi, pamoja na afya na kilimo, zimepewa kaunti. Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali za maji zinashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, ndiyo inayotoa vibali vya kuyachukua.

Kwa hiyo katika ile ploti ya hamsini kwa mia, maji yaliyo chini ni ya ofisi moja, choo kinachoyachafua ni cha ofisi nyingine.

Sheria hiyo pia haidai kibali kwa anayeteka maji ya nyumbani bila mitambo. Ni huruma inayofaa. Lakini ina upande wake: mfumo mzima uliundwa kuiona mashine. Mwenye hoteli anayechimba kisima kirefu hutakiwa kuwa na ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini, idhini ya kuchimba, jaribio la pampu na mita. Visima vya kamba, vinavyobeba mtaa mzima, hupita chini ya wavu. Na pampu ya sola iliyonunuliwa kwa simu na kufungwa Jumamosi mchana humhamisha mtu kutoka kundi la kamba hadi kundi la mashine pasipo ofisi yoyote kujua.

Kenya inajua pia gharama ya kushangilia kabla ya kupima. Septemba 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba hifadhi kubwa ajabu ya maji imegunduliwa Lotikipi, Turkana, ya kutosheleza nchi kwa miaka. Uchimbaji wa majaribio uliofuata ukakuta maji ya chumvi yasiyofaa kunywewa. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, walisema wahenga.

Kamba na daftari

Kupima si lazima kungoje bajeti ya Nairobi. Nchini India, taifa linalovuta maji mengi zaidi ya ardhini duniani, wakulima wa mamia ya vijiji vya jimbo la Andhra Pradesh walifundishwa kupima visima vyao wenyewe. Walipima mvua, wakapima kina cha maji, wakaketi pamoja kabla ya kiangazi kukadiria kilichopo kabla ya kuamua wapande nini. Hakuna aliyelazimishwa. Namba zilipobandikwa ukutani, aliyetaka kupanda mpunga mahali pa dengu alijua anakunywa ya nani.

Kano ina pa kuanzia. Sheria ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, na miradi ya mpunga ina vikundi vya wakulima vinavyogawana zamu za mfereji kwa nidhamu. Watu wanaojua kugawana maji ya juu hawashindwi kuandika ya chini.

Kifaa chenyewe ni kamba yenye fundo kila nusu mita na jiwe mwishoni. Teremsha alfajiri kabla ya ndoo ya kwanza. Jiwe likigusa maji utalisikia. Hesabu mafundo, andika tarehe. Mara moja kwa mwezi, kwa miaka miwili, visima 50 vilivyotawanyika kutoka Muhoroni hadi Nyakach vingetupa habari nyingi kuliko semina zote za hotelini. Ongeza kalamu ya kupimia chumvi, inayotoshea mfuko wa shati. Kwa kinyesi ipo chupa ndogo yenye karatasi iliyotiwa dawa: jaza maji, iache siku moja au mbili, yakigeuka meusi una la kufanya. Floridi na nitrati ndizo zinazohitaji maabara, na hizo si za kila mwezi.

Kaunti nayo isisubiri. Ina maafisa wa afya ya jamii katika wadi zake na wagani wa kilimo mashambani. Wapewe fomu moja, ile ile, na WRA ipokee nakala. Ruzuku yoyote ya pampu ya sola ifungwe kwenye sharti la kusajili kisima na kuweka mita.

Na paa lisisahauliwe. Kisumu hupata takriban milimita 1,300 za mvua kwa mwaka. Paa la mabati la mita za mraba 30, hata ukipoteza moja ya tano, hukusanya lita 31,000 hivi. Familia ya watu watano wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku inahitaji 36,500 kwa mwaka. Tangi la kuvukia Januari na Februari ndilo ghali, lakini maji hayo hayana floridi.

Kwako msomaji mwenye kisima kifupi: kinyanyue ukingo, kifunike, tibu ya kunywa kwa klorini, na usimpe mtoto mchanga maji hayo kabla ya kupima nitrati, kwa sababu kuchemsha hakuiondoi. Na kama unapanga kuchimba kirefu, usimlipe mchimbaji salio lake mpaka akukabidhi ripoti ya jaribio la pampu na cheti cha maabara chenye kipimo cha floridi.